Toleo Jipya Lina Nguvu Kweli? Namna Tunavyopima Programu za Chesi Hapa Mwanga, Kigoma

Mpwa wangu aliingia kibandani jioni moja na flashi mkononi, maneno yakimtoka mbiombio. "Shikamoo mjomba. Mgebuka wa nne kampiga wa tatu! Kashinda tisa, kafungwa tano, sare sita. Tumepanda pointi 70."

Mgebuka ni programu ya chesi aliyoiandika mwenyewe tangu akiwa kidato cha sita, akaipa jina la samaki wa ziwa letu. Mimi ni fundi kompyuta hapa Mwanga, Kigoma mjini. Mchana natengeneza mashine za watu na kuchapa barua. Usiku kompyuta zangu tatu zinakaa bure, na ndizo anazotumia kupima kazi yake. Kwa hiyo matokeo yale yalitoka mezani kwangu, na kasoro zake ni zangu pia.

Hesabu yake haikuwa na kosa. Ushindi 9 na sare 6 (sare ni nusu pointi) ni pointi 12 kati ya 20, yaani asilimia 60, na kwa kanuni ya Arpad Elo, inayogeuza asilimia ya matokeo kuwa pointi za nguvu, asilimia 60 ni tofauti ya pointi 70. Nikamwambia tufungue faili la gemu tuzitazame moja moja. Gemu ya 3, ya 7, ya 12 na ya 15 zilikuwa gemu moja. Hatua zilezile, kete zilezile zikiliwa kwenye miraba ileile, mpaka hatua ya 31 ndipo moja ikachepuka. Zote 20 zilianza kwenye mpangilio wa kawaida wa ubao. Na katika zote 20 Mgebuka wa nne alikuwa na nyeupe, kwa sababu jina lake ndilo lililotangulia kwenye orodha.

Tukarudia kwa utaratibu ninaoueleza hapa, gemu 2,000. Wa nne alishinda 562, akafungwa 588, sare 850. Hizo ni pointi 987, chini kidogo ya nusu. Wakati huo kijana alikuwa ameshajenga mambo mengine matatu juu ya badiliko lile, na yote yakabidi yafumuliwe. Wiki tatu za kazi. Ndiyo maana nalichukulia jambo hili kwa uzito: kosa la kupima linaingia kwenye msingi wa nyumba, na ukija kuligundua umeshapaua.

Kabla ya nguvu, sheria

Programu isiyojua sheria zote za chesi haina haja ya kupimwa nguvu. Waandishi wa programu hizi wana mtihani wa kuhesabu wanaouita perft. Unaipa programu nafasi ya ubao, inahesabu njia zote halali hadi kina fulani, nawe unalinganisha na hesabu inayojulikana. Kutoka mwanzo wa mchezo, kina cha hatua moja kina njia 20, mbili ni 400, tatu ni 8,902, nne ni 197,281 na tano ni 4,865,609. Ukikosa hata njia moja, au ikizidi moja, rudi kwenye msimbo wa programu.

Usiishie hapo. Kutoka mwanzo wa mchezo, mfalme na ngome hawawezi kusogea pamoja katika hatua moja, mfalme akijificha kwa ngome, mpaka ufike kina kirefu, kwa hiyo makosa ya aina hiyo hujificha. Tumia pia nafasi iitwayo Kiwipete, iliyojaa mitego: hesabu zake zinaanza na 48, kisha 2,039, kisha 97,862. Mgebuka wa kwanza alifaulu mtihani wa mwanzo wote akaanguka Kiwipete. Alikuwa anamruhusu mfalme kupita kwenye mraba unaoshambuliwa ili afike ngomeni. Lau tungeanza kupima nguvu siku ile, tungekuwa tunapima mwizi.

Ikishafaulu, icheze gemu kama 200 za haraka uangalie mambo mawili tu: inaganda? Inapitwa na saa? Yote mawili yarekebishwe kwanza.

Mizani isome sifuri

Pale Kibirizi, mitumbwi ikileta dagaa asubuhi, mnunuzi makini anaitazama mizani ikiwa tupu kabla ya mzigo kuwekwa juu. Nasi tunafanya hivyo hivyo. Tunachukua faili moja la programu, tunalipa majina mawili, tunalipambanisha lenyewe kwa lenyewe. Matokeo yanapaswa kuzunguka asilimia 50.

Mara ya kwanza tulipojaribu, nakala tuliyoiita A ilipata pointi 440 kati ya 800. Asilimia 55, na faili ni lile lile! Kwa gemu 800 tofauti kama hiyo haiji kwa bahati. Tulihangaika siku mbili. Tukabadilisha rangi, tukabadilisha mashine, tukafuta na kuweka upya. Mwisho kijana ndiye aliyegundua. Nakala B ilikuwa imeachwa ikiandika kwenye diski kila inachofikiri, maelfu ya mistari kwa kila gemu, na diski ya mashine ile ni ya zamani, ile ya kuzunguka. B ilikuwa inasubiri diski huku saa yake inakwenda. Tulipozima uandishi ule na kurudia, A ilipata 404 kati ya 800. Mizani ikawa sawa.

Jaribio hili linachukua saa chache na watu wengi wanaliruka. Mimi nalirudia kila ninapobadilisha chochote kwenye mashine, hata kama ni feni.

Kila kitu sawa, isipokuwa kimoja

Kanuni ni hiyo. Kitu kimoja tu kitofautiane kati ya pande mbili, nacho ni kile unachotaka kukipima. Mpwa wangu alikuwa na tabia ya kuleta toleo lenye mabadiliko manne kwa pamoja. Likishinda hujui lipi limeshinda, na likishindwa unaweza kutupa matatu mazuri kwa ajili ya moja baya. Siku hizi analeta moja moja.

Upande wa mashine, kila programu inapata uzi mmoja wa prosesa (mkondo mmoja wa kazi), kumbukumbu ya hashi, inayotunza nafasi zilizokwisha kukaguliwa, ya MB 64, na muda wa sekunde 10 kwa gemu nzima pamoja na nyongeza ya sehemu ya kumi ya sekunde kwa kila hatua. Kufikiri wakati wa zamu ya mwenzako kunazimwa, vinginevyo programu mbili zinanyang'anyana prosesa moja. Kitabu cha ufunguzi, yaani hatua za mwanzo zilizokaririwa, kilichomo ndani ya programu kinazimwa. Kama programu inajifunza kutokana na gemu zilizopita, hilo nalo linazimwa. Kama mmoja anatumia majedwali ya Syzygy, yenye majibu kamili ya mwisho wa mchezo kete zikibaki chache, mwenzake naye apewe yaleyale. Yale ya kete 5 kushuka chini ni karibu GB 1 tu, hata flashi inayabeba.

Joto nalieleza kwa urefu kidogo, maana wanaoandika kutoka nchi za baridi hawaligusii. Kibanda changu ni cha bati. Siku moja nilikaa na karatasi nikiandika kasi ya mashine iliyoko dirishani. Saa tano asubuhi Mgebuka alikuwa anakagua nafasi 1,100,000 kwa sekunde. Saa nane na nusu mchana, jua likiwa limegeukia upande ule, alikuwa anakagua 740,000. Prosesa ikipata moto inajipunguzia kasi ili isiungue. Utasema joto linawapiga wote wawili sawa, na kwa gemu nyingi ni kweli. Lakini linakuja kwa mawimbi. Anayefikiri wakati wimbi limepanda anakula hasara ambayo mwenzake, anayefikiri sekunde tano baadaye, haipati. Hapo unaongeza kelele kwenye kipimo na kuzalisha gemu za kupitwa na saa. Mteja naye akija kuchapa kurasa 40 katikati ya pambano, ni yaleyale.

Basi tunapima usiku, kuanzia saa tatu, pepo za ziwa zikiwa zimeshapoza bati. Nimeondoa vifuniko vya ubavuni, nimeweka feni ya mezani, na kwenye mipangilio ya mashine nimezima ile hali ya prosesa kujiongezea kasi yenyewe, ili kasi ikae palepale usiku kucha. Kompyuta mpakato iwe kwenye chaji muda wote, kwa sababu ikibaki kwenye betri inapunguza kasi. Na hesabu viini halisi vya prosesa. Mashine yangu inaonyesha 8 lakini viini vyenyewe ni 4, na kila viwili vya kuonekana vinagawana kimoja cha kweli. Naendesha gemu 3 kwa wakati mmoja, kiini cha nne nakiachia mfumo wa kompyuta. Ukiendesha 8, gemu zinakwisha haraka na matokeo hayana maana.

Hata wakubwa wamelaumiwa kwa jambo hili la hali sawa. Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ilitangaza kwamba programu yake AlphaZero imecheza gemu 100 na Stockfish 8, moja ya programu kali za chesi, ikashinda 28, ikatoa sare 72, haikufungwa hata moja. Dunia ya chesi ikatikisika. Lakini waliosoma kwa makini waliona kwamba Stockfish ilipewa nyuzi 64 na kumbukumbu ya hashi ya GB 1 tu, na kwamba muda ulikuwa dakika 1 kwa kila hatua. Stockfish imefundishwa kugawa muda wake, kukaa sana penye ugumu na kupita haraka penye wepesi. Ukiipa dakika moja kwa kila hatua umeifunga mkono mmoja. Mwaka 2018 wenyewe walichapisha pambano jingine la gemu 1,000 kwa saa ya kawaida, saa 3 na nyongeza ya sekunde 15, na AlphaZero ikashinda 155 na kufungwa 6. Kwamba ilikuwa na nguvu zaidi, hilo lilibaki. Lakini mimi naliamini lile la pili na si la kwanza, na nadhani walifanya vyema kurudia.

Ufunguzi na rangi

Ujiji, wazee wanaocheza bao chini ya mwembe hubadilishana kuanza. Mzee mmoja akishinda kwa kuanza yeye, mwenzake anamwambia, "Haya, sasa naanza mimi." Mpaka hapo ndipo wanahesabu.

Chesi ina jambo hilo hilo. Katika gemu za mabingwa wa kibinadamu nyeupe huchukua asilimia 54 au 55 ya pointi. Kwa hiyo kila ufunguzi uchezwe mara mbili, rangi zikibadilishana. Tunaita jozi. Na ufunguzi uwe tofauti kwa kila jozi, kwa sababu programu haina siku mbaya wala siku nzuri. Ukiianzisha mahali pamoja itapita njia ileile, kama zile gemu nne tulizozikuta. Gemu 20 zinazofanana ni gemu moja iliyopigwa chapa.

Tunatumia faili la funguzi elfu kadhaa, kila moja ya hatua 8 kwa kila upande, mchezo ukiwa bado haujaelemea popote. Kwa programu changa kama Mgebuka hilo linatosha. Programu kali sana zikianzishwa sawa kwa sawa zinatoa sare karibu zote, na ndiyo maana wapimaji wake huchagua funguzi ambazo upande mmoja tayari una faida ya wazi, kisha wanabadilishana. Atakayeshinda akiwa na faida na kuponea sare akiwa hana, huyo ndiye bora.

Hapo kuna hesabu inayowapita wengi. Gemu mbili za jozi moja si ndugu wa mbali. Ufunguzi ukiwa unapendelea nyeupe, kila mmoja atashinda mara moja, mnapata 1 kwa 1. Ukihesabu gemu moja moja utaona kushinda na kufungwa kwingi na kudhani matokeo yanayumba sana, kumbe jozi zenyewe zimetulia. Hesabu jozi: pointi 0, nusu, 1, 1 na nusu, au 2. Programu ya kusimamia mapambano iitwayo fastchess inafanya hivyo yenyewe.

Gemu ngapi, na lini usimame

Turudi kwenye zile 20. Ukipiga hesabu ya shaka yake, kwa uhakika wa asilimia 95, tofauti ya kweli ingeweza kuwa popote kuanzia pointi 55 chini hadi pointi 218 juu. Yaani Mgebuka wa nne angeweza kuwa dhaifu kuliko wa tatu, au jitu lisiloshikika, na gemu 20 zisingeweza kutuambia. Ile namba 70 ilikuwa katikati ya bahari.

Kwa programu zinazotoa sare kama 4 katika kila gemu 10, shaka inakwenda hivi. Gemu 100 zinakupa pointi 53 juu na chini. Gemu 1,000 zinakupa 17. Gemu 10,000 zinakupa 5. Ukitaka kupunguza shaka kwa nusu, zidisha gemu mara 4. Na mabadiliko mengi yanayoifaa programu ni ya pointi 5, 10, au 15, kwa hiyo anayepima kwa gemu 100 anatafuta dagaa kwa nyavu ya sangara.

Gemu moja ya sekunde 10 na nyongeza inachukua kama nusu dakika. Zikienda 3 kwa pamoja, gemu 2,000 zinakwisha kwa saa tano na nusu. Usiku mmoja. Kwa mashine kuukuu zilizotupwa na watu, hilo linawezekana, na nasema hivi kwa sababu vijana wengi hudhani kipimo cha kweli kinahitaji mashine ya mamilioni. Kinahitaji usiku na uniti za umeme.

Kosa la hatari zaidi ni kuchungulia. Mpwa wangu alikuwa anaamka saa nane usiku, anafungua simu, anaona toleo lake liko mbele kwa gemu 15, anasimamisha. Siku nyingine liko nyuma, anasema tuliache liendelee, labda litapanda. Kufanya hivyo ni sawa na kurusha shilingi na kuacha pale tu upande wako unapoongoza. Hata toleo lisilo na tofauti yoyote litapita mbele wakati fulani wa usiku, na ukiliwinda wakati huo utalikuta.

Dawa yake iligunduliwa na mwanahisabati Abraham Wald alipokuwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa ajili ya kukagua vifaa vya kijeshi bila kuvimaliza kwa majaribio. Jina la kifupi la njia hiyo ni SPRT (sequential probability ratio test). Kabla ya kuanza unaandika madai mawili: dai la kwanza, toleo jipya halijaongeza kitu, pointi 0, dai la pili, limeongeza pointi 10. Unaandika pia hatari ya kukosea unayoikubali, kwa kawaida asilimia 5 kila upande. Kisha kila matokeo yakiingia, namba moja iitwayo LLR, inayoonyesha matokeo yanaelekea dai lipi, inapanda au kushuka. Ikigusa 2.94, dai la pili limeshinda, unalipokea toleo. Ikigusa 2.94 chini ya sifuri, unalitupa. Katikati ya hapo hakuna wa kusimamisha, awe mjomba au mpwa. Unaweza kuchungulia utakavyo, kwa sababu sheria ya kusimama iliandikwa kabla.

Stockfish inapimwa kwa njia hii tangu 2013, Gary Linscott alipoanzisha Fishtest, mfumo ambao watu wa nchi mbalimbali wanaazima mashine zao. Huko toleo likifaulu muda mfupi wa sekunde 10 linapelekwa tena kwenye sekunde 60, kwa sababu kuna mbinu zinazong'aa kwenye haraka na kufifia programu ikipata muda wa kufikiri. Nasi tumeiga hilo kwa mabadiliko yanayogusa namna ya kutafuta hatua. Kwao madai yanatofautiana kwa pointi chache mno. Kwa programu changa, 0 na 10 inafaa, na mara nyingi gemu 3,000 hadi 6,000 zinatosha kupata jibu.

Amri yenyewe

Kwa anayetumia cutechess-cli, programu nyingine ya kusimamia mapambano, hii ndiyo tunayoiandika, yote kwenye mstari mmoja:

cutechess-cli -engine cmd=./mgebuka5 name=M5 -engine cmd=./mgebuka3 name=M3 -each proto=uci tc=10+0.1 option.Hash=64 option.Threads=1 -openings file=funguzi.pgn format=pgn order=random -repeat -games 2 -rounds 4000 -concurrency 3 -sprt elo0=0 elo1=10 alpha=0.05 beta=0.05 -pgnout matokeo.pgn

Neno each ndilo linalobeba haki: kila kilicho baada yake kinawapata wote wawili. Neno repeat pamoja na games 2 ndiyo jozi. Rounds 4000 ni dari tu, ili pambano lisiende wiki nzima LLR ikikataa kuamua. Kuna amri za kumaliza gemu mapema pale programu zote zinapoona sare au mmoja anapoona amekwisha. Zinaokoa muda, lakini sisi hatuzitumii. Mgebuka bado anapoteza miisho ya ngome aliyokuwa ameshaishinda, na ukimkatizia gemu unamfichia udhaifu.

Umeme ukikatika, gemu zilizokwisha ziko salama kwenye faili. Ondoa gemu isiyo na mwenzake wa jozi, kisha endelea. Mashine yangu moja ina betri ya akiba ya dakika 10, na hiyo ndiyo ninayoipa mapambano marefu.

Mambo mengine kwa haraka

Kupima kwa mafumbo, kama yale 24 ya Bratko na Kopec ya mwaka 1982, kunasaidia kuona programu inapofushwa na nini. Hakukuambii nguvu. Programu inaweza kurekebishwa ikayajibu yote na bado ifungwe gemuni.

Toleo likimshinda ndugu yake kwa pointi 30, usitangaze kwamba limepanda 30 mbele ya dunia. Ndugu wanajuana. Mpambanishe pia na programu nne au tano za watu wengine, zenye nguvu inayokaribiana na yake, na mara nyingi utaona faida imepungua. Ukitumia Stockfish iliyopunguzwa nguvu iwe moja tu kati yao, kwa sababu programu kali inayolazimishwa kukosea haikosei kama programu dhaifu inavyokosea.

Na pointi hizi hazilingani na zile za wachezaji wa shirikisho la dunia, FIDE. Elo inapima umbali kati ya waliocheza pamoja. Pointi 100 zina maana kwamba mwenye nguvu atachukua asilimia 64, na pointi 200 asilimia 76. Nje ya kundi lako namba hiyo haina nchi.

Kugawana kazi na Tabora

Nina rafiki Tabora, mwalimu wa hisabati, tulifahamiana kwenye treni ya reli ya kati. Yeye ndiye aliyetufundisha kuhesabu kwa jozi, akichora kwenye bahasha kuanzia Urambo mpaka tunaingia Kigoma. Siku hizi anatusaidia kwa mashine yake. Mimi nampelekea dagaa, yeye ananiletea asali.

Mashine yake ina kasi mara mbili ya zangu, na sekunde 10 za Tabora si sekunde 10 za Kigoma. Kabla ya kuanza kila mmoja anaendesha Mgebuka yuleyule kwenye nafasi zilezile na kusoma nafasi anazokagua kwa sekunde. Kama yake ni mara mbili, kwake tunaweka sekunde 5 na nyongeza ya sehemu ya ishirini. Jozi yote ichezwe mashine moja, isigawanywe hata siku moja. Faili la funguzi tumelikata nusu kwa nusu ili tusirudie zilezile. Na anayejumlisha ni mmoja, yaani yeye, kwa sababu hana mtoto kwenye pambano.

Kila jaribio tunaliandika kwenye daftari la karatasi kabla halijaanza: tarehe, toleo, badiliko moja lililofanywa, muda, hashi, faili la funguzi, madai mawili. Matokeo yanaandikwa chini yake, mazuri na mabaya, kwa kalamu. Mpwa wangu ndiye mwandishi. Mstari wa jana usiku unasomeka hivi kwa mkono wake: "M5 na M3. Badiliko: askari aliyepita wote apewe thamani zaidi akikaribia mwisho. Gemu 3,418, LLR 1.12. Inaendelea."